Ukuta Uliokunywa Umeme

Friji lenyewe lilikuwa la gari la watalii, lile dogo la kuwekea maji ya kunywa. Mume wangu ni dereva wa safari, na alilipata Karatu kwa mwenzake aliyebadilisha gari, akalileta nyumbani Piyaya kwa ajili ya mama yake. Mama mkwe wangu ana kisukari, na daktari alikuwa amemtoa kwenye vidonge akamwanzishia sindano za insulini. Chupa inayotumika unaweza kukaa nayo nje. Akiba ya miezi ya mvua, barabara inapokatika, lazima ikae kwenye ubaridi.

Sola ilikuwa juu ya nyumba yetu ya bati, betri chini yake. Yeyo, ndivyo ninavyomwita mama mkwe kama wanawe wanavyomwita, hakutaka dawa yake ilale kwa watu wengine, hata kama watu wengine ni mimi. Basi fundi akavuta waya mpaka kwake, kwenye nyumba ya udongo na samadi aliyoijenga kwa mikono yake, maana huku nyumba hujengwa na mwanamke na ni ya mwanamke. Waya ukapungua kidogo. Fundi akaunga kipande, akakisokota, akaenda zake. Yeyo akaona mbuzi watautafuna, akaukandika ndani ya ukuta pamoja na kiungo chake, na kila mvua ilipobandua ukuta, akakandika tena samadi mbichi juu yake.

Friji lilifanya kazi miezi michache, kisha likaanza kugoma. Linanguruma, linazima. Linanguruma, linazima. Mume wangu akapiga simu: Jumamosi anakuja na gari, mama anahamia Karatu mjini, kwenye chumba karibu na hospitali. Hakuwa mtoto mbaya, alikuwa ameogopa. Yeyo alisikia yote, akatoka kwenda kukamua, na nilimwona amesimama katikati ya ng'ombe wake na kibuyu mkononi, hamkamui yeyote. Moyo uliniuma sana.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, binti wa wakulima wa Qurus niliyeolewa kwa wafugaji, na nina kichwa kigumu. Kila mwaka naandika ubaoni kwamba ukigawa volti kwa ampea unapata ohm, ukizidisha volti kwa ampea unapata wati, na kila mwaka namba ninazotumia ni za kubuni. Safari hii niliazima mita ya maabara nikaja nayo nyumbani.

Friji likijaribu kuwaka, kwenye betri nilipata volti kumi na mbili na nusu. Kwenye friji lenyewe, volti kumi tu. Ampea tano. Kwa hiyo volti mbili na nusu zilikuwa zinapotelea njiani. Gawa kwa tano, unapata nusu ohm, na waya mnene na mfupi kama ule haukupaswa kufika hata sehemu ya kumi ya ohm. Nikazidisha sasa: mbili na nusu mara tano, wati kumi na mbili na nusu. Hizo haziendi mbinguni. Zinageuka joto, na kama waya kwingine kote ni mzima basi joto limekusanyika mahali pamoja. Nikaanza kupapasa ukuta kwa kiganja, nikiufuata waya.

"Natafuta nini kwenye ukuta yangu?" Yeyo akaniuliza kutoka mlangoni, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Yeyo, umeme unatoka kwetu mwingi. Ukifika hapa umepungua."

"Nani nakunywa njiani?"

Nikaendelea kupapasa mpaka nikapapata, karibu na kitanda chake. Nikauchukua mkono wake nikauweka hapo. Ukuta ulikuwa na uvuguvugu kama tumbo la ndama.

"Huyu hapa," nikamwambia, nikichukua panga lililokuwa pembeni. "Naomba tumtoe."

Nilijua ninachoomba. Mkamwana akigusa ukuta wa mama mkwe kwa panga, maneno yake hayaishi boma zima, na mimi bado nilikuwa yule mgeni wa kutoka kwa wakulima. Yeyo hakukiondoa kiganja chake ukutani.

"Kama si hapa?"

"Kama si hapa, nitakandika mwenyewe."

"Wewe?" Akanicheka waziwazi. "Wewe hapana jua kukandika. Itaanguka kabla ya jioni."

Kisha akalichukua panga mkononi mwangu, akaanza kuutoboa ukuta wake mwenyewe, taratibu, kama anayemtoa mtoto mwiba. Kiungo kilipotokea, shaba yake ilikuwa imeoza kwa unyevu wa samadi, imejaa kutu ya kijani, na plastiki ya pembeni imelainika kwa joto. Nilikata, nikakwangua mpaka shaba ikang'aa, nikaunga upya kwa kiungio cha skrubu. Nikapima tena kwenye friji: volti kumi na mbili na ushee. Likanguruma, na safari hii halikuzima.

Nina watu wengi wa kuwashukuru kwa elimu yangu, na nawashukuru. Lakini siku ile nilimshukuru huyu mama kuliko wote. Hakuziona volti wala ampea. Alitoboa nyumba yake kwa sababu mimi, mke wa mwanawe, nilimwambia ni hapa. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniamini namna hiyo.

Jumamosi mume wangu alifika, kiti cha nyuma ametandika godoro jipya ili mama alale bila kuumizwa na mashimo ya njia. Yeyo alimwita ndani kwake. Alifungua friji, akatoa chupa ya insulini, akamwekea mwanawe kiganjani. Mume wangu akaishika ile baridi, akaigeuza, akanitazama mimi, na macho yake yakajaa machozi. Akairudisha chupa mahali pake, akafunga mlango wa friji kwa mikono miwili, kisha akageuka kwenda garini.

"Godoro iache," mama yake akamwambia.