Habibu wa Kolo na Mawaa Meupe ya Mwezini

Mume wangu Habibu ameongoza wageni kwenye michoro ya mapangoni hapa Kolo miaka thelathini na moja, na ubishi wa kazini huja nao nyumbani. Ukimwambia mvua inakuja, atakuuliza umejuaje. Nimeshamzoea.

Mwaka jana binti yetu Hamida, aliyesoma fizikia Dodoma, alipata nafasi ya kwenda Japani kusomea mambo ya mwezi. Baba yake akakataa katakata. Eti hawezi kumruhusu mtoto kwenda ng'ambo kuchunguza kitu ambacho yeye hawezi kuwaeleza wenzake msikitini. Nilichukia, nikamnunia siku mbili nzima. Hamida alitakiwa kujibu Ijumaa.

Alhamisi asubuhi akamfuata baba yake pangoni. Nami huyo, nyuma yake, wasije wakagombana.

Akamweleza taratibu. Jua halitoi mwanga tu, linapuliza pia upepo wa chembe ndogo mno zenye umeme. Dunia yetu ina sumaku yake inayotukinga. Mwezi wenyewe hauna sumaku ya namna hiyo, kwa hiyo upepo ule unaupiga mchanga wake miaka nenda miaka rudi, mpaka mchanga huo unafifia na kuwa mweusi. Ila kuna sehemu ambazo miamba imebaki na usumaku wa kale. Ni dhaifu, lakini unaukunja upepo, na wataalamu wengi wanaona ndiyo maana hapo mchanga umebaki mweupe, mawaa yaliyojipinda kama maziwa kwenye chai ambayo haijakorogwa.

Habibu akautazama mwamba uliotufunika, kisha akatupeleka mwisho wa ukuta, penye jiwe tupu.

"Hapa palikuwa na twiga," alisema. "Tulikuwa tukimmwagia maji ili rangi ing'ae, wageni wapige picha. Mvua haikumfikia maelfu ya miaka. Nikamfuta mimi."

Miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kuniambia hilo. Nilimwonea huruma, hasira zote zikaniisha.

Akamuuliza Hamida kama yale mawaa ya mwezini kuna mtu ameshayagusa.

"Bado, baba. Lakini wanapanga kutua hapo."

"Basi nenda," alisema. "Awepo mtu wa kuwakataza."