Viganja vya Mama

Kila nikimpaka mwanangu mafuta ya mgando, harufu yake hunirudishia viganja vya mama. Jumapili moja nikiwa mdogo, tulikuwa tunatoka misa katika kanisa la Lubaga, mpiga picha akatulenga bila kutuuliza. Mama akanifunika uso haraka. Tulikuwa tumekimbia Kongo, na aliogopa tusije tukatambuliwa.

Jumapili iliyofuata yule bwana alitandaza picha zake kwenye nyasi, kila familia ijitafute. Mama akaiokota yetu ili aichane.

“Mama, acha,” mpiga picha alimwambia taratibu. “Umetoka muzuri.”

Mama aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaitia ndani ya Biblia.

Ninayo mpaka leo. Mimi sionekani. Mikono yake yote miwili iko usoni kwangu, na uso wake mwenyewe ameuacha wazi.