Jeli ya Chunusi na Kanga ya Shangazi

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, mfanyakazi wa ofisi mjini Kibaha, na bado uso wangu ulitoa chunusi kama wa mwanafunzi wa kidato cha pili. Hazikuwa nyingi, ila zilijua siku za kikao. Mfamasia wa mtaani kwetu aliniuzia jeli akanionya: kiasi cha punje ya njegere, usiku, na nivumilie wiki kadhaa. Mimi na uvumilivu hatujawahi kuelewana. Nikaipaka nene kama siagi kwenye mkate, asubuhi uso ukawaka na kubanduka. Nikanywea, nikarudi kwenye punje.

Mwezi wa pili wa kuipaka, chunusi zikaanza kukauka. Kwa furaha nikaenda Kibuta kumwonyesha shangazi, aliyenilea tangu mama afariki. Nililala kwake, nikatandika kanga yake juu ya mto.

Asubuhi kanga ilikuwa na mabaka yaliyopauka, pale pale nilipoweka shavu. Shangazi aliiinua juani.

"Unajichubua?"

"Hapana, shangazi. Ni dawa ya chunusi."

"Dawa inayokula rangi ya kanga itakuachia yako? Huo ni mkorogo."

Nilikasirika, mtu mzima mimi, kusingiziwa. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba alinipa mgongo, akamenya mihogo bila kunitazama. Nikampigia mfamasia, nikaweka simu kwenye spika ili shangazi asikie.

"Shikamoo, mama," mfamasia akamsalimia shangazi.

"Marahaba, baba."

Akamweleza taratibu kwamba jeli ile hupausha nguo, lakini haimchubui mtu, na kosa lake ni kutoniambia nilalie kitambaa cheupe. Shangazi alisikiliza, kisu kimesimama. Kisha akashusha mtandio ambao siku zote huuvuta hadi mashavuni. Yale madoa meusi ya mashavuni mwake siku zote nilidhani ni ya jua la shambani.

"Mimi nilijipaka mkorogo nikiwa na umri wako," akaniambia. "Wiki chache tu watu walinisifu, kisha yakaja haya madoa. Ndiyo maana nimeogopa."

Nilitamani kumkumbatia, ila mikono yake ilikuwa imejaa maji ya mihogo. Mfamasia alikuwa bado hewani. Shangazi akaisogelea simu, akashusha sauti kama anayeomba chumvi kwa jirani mgeni:

"Baba, na haya yangu ya miaka yote, yana dawa?"