Binti wa Olumbi Anayepima Afya ya Injini za Moto

Asubuhi, kabla injini haijawashwa, Zuleica Latifo anapita akigusa kihisio kimoja kimoja. Vingine vimebandikwa kwenye injini, vingine kwenye nguzo za jukwaa la chuma na zege linaloishikilia. Kisha anaingia chumba chenye kioo kinene, anaketi mbele ya skrini na kusema taratibu: "Bismillahi."

Injini inanguruma. Joto ndani yake linapita nyuzi elfu moja. Sakafu inatetemeka, na chai kikombeni inafanya vijiwimbi.

"Mwaka wa tatu huu, na nywele bado zinanisimama," anasema. "Hii ni ndugu wa mbali wa injini ya roketi. Moto wote ule, na binadamu kaweza kuufunga kwa boliti."

Karakana hii, nje kidogo ya Palma, hufanyia majaribio injini za turbini za kuzalisha umeme zinazotoka matengenezoni. Zuleica, miaka 29, hufuatilia joto, mgandamizo na mtikisiko wake.

Alizaliwa Olumbi, wilaya hiihii ya Palma, kwa wakulima wa muhogo. Vita ilipowafikia wakakimbilia mji wa Pemba, kusini zaidi kwenye pwani ileile, si kile kisiwa. Huko alisomea ufundi, mama yake, Bi Awa, akiuza badia, yaani bajia za kunde. "Badia ndizo zilizonisomesha," anacheka.

Aprili iliyopita, katikati ya jaribio, mstari mmoja kwenye skrini ulianza kupanda. Wenzake waliitazama injini. Zuleica akaona mistari ya injini imetulia. Uliopanda ulikuwa wa nguzo ya nyuma.

"Engenheiro, injini haina neno," alimwambia Custódio, mhandisi mkuu wa zamu. "Jukwaa ndilo linaloachia."

"Una hakika?"

"Sina. Lakini tuzime."

Custódio akabonyeza kitufe chekundu.

Walipofukua, walikuta zege limepasuka kuzunguka boliti nene kama mkono wa mtu. Wangechelewa kuzima, injini ingechomoka na kuwajia moja kwa moja pale kwenye kioo.

"Custódio alivua kofia, akaishika kifuani," anakumbuka. "Mimi nikakaa chini palepale."

Jukwaa limeshajengwa upya. Zuleica sasa anaomba nafasi ya masomo nje ya nchi, akitamani siku moja kusimamia majaribio ya injini za roketi zenyewe. Alipomweleza mama yake, Bi Awa aliuliza kama nazo hufungwa zisiende.

"Nikamwambia, ndiyo mama, kila injini tunaifunga kwanza mpaka tuijue. Naye akasema, 'Basi siku mtakayoifungua iruke, mwanangu, nami niwepo.'"