Siku Nilipoigeuza Semina ya Taa Kuwa Misa

Leo nacheka, namshukuru Mungu kwa hilo, lakini baada ya siku ile mimi, katekista mstaafu wa hapa Muleba, nilikuwa nakaa benchi la nyuma kabisa kanisani, maana kila aliyeniona aliniuliza misa nyingine ya taa ni lini.

Baada ya kustaafu niliingia kwenye kazi ya kuuza taa za sola kwa simu: kampuni inakupa linki yako, unawatumia watu, anayenunua kupitia linki hiyo unapata kamisheni. Nikakusanya timu kule Kishanda, wengi wao akina mama, na mwenye bidii kuliko wote ni Ma Koku, mjane. Shida ni kwamba Ma Koku anaongea Kihaya tu, na mafunzo yote yalikuja kwenye simu, kwa sauti, kwa Kiswahili cha haraka haraka cha Dar es Salaam. Kampuni ikasema mkufunzi anakuja, na asiyeweza kufuata mafunzo ataondolewa.

Mkufunzi akaja, binti mchangamfu wa Kiislamu aitwaye Zuhura, akasimamisha simu yake mbele ya ukumbi wa kigango, kanisa dogo la pale kijijini, ili viongozi wake watazame mubashara. "Mzee, wewe utatafsiri," akaniambia. "Usiongeze kitu." Nikasema sawa, binti yangu.

Sasa, mimi miaka yote nilitafsiri mahubiri ya mapadre wageni. Zuhura akasema, "Kazi hii inahitaji uvumilivu." Basi! Nikaona ni kavu mno, nikaongeza kidogo, Ibrahimu akaingia, Ayubu akafuata, sauti ikapanda, mikono ikapanda, akina mama wakaitikia amina, nami (Mungu anisamehe, ulimi ulikwenda wenyewe) nikamalizia kama nilivyozoea: "Tusimame."

Ukumbi mzima ukasimama. Na Mkatoliki akisimamishwa baada ya mahubiri anafanya nini? Wakasali Nasadiki, ile sala ya kukiri imani, kwa Kihaya mpaka mwisho, hata Walutheri waliokuwepo hawakubaki nyuma. Nikanyoosha mikono kuwakalisha, wakadhani naita vipaji, yaani matoleo ya kupeleka altareni. Zile zawadi walizokuwa wamemwandalia mgeni, mikungu ya ndizi na kahawa ya kutafuna, wakazileta mbele wakicheza, wakazipanga chini ya simu.

"Mzee," Zuhura akaninong'oneza, "hawa ndio wanalipia taa?"

"Hapana, binti yangu. Wanatoa sadaka."

"Kwa nani?"

Kwenye simu nikasikia viongozi wanavunjika mbavu, nikatamani ardhi ya Kishanda inimeze.

Wa mwisho akaja Ma Koku, jogoo kwapani, akapiga magoti mbele ya simu, akaanza kuomba kwa sauti.

"Anasema nini?" Zuhura akauliza.

Nilikuwa nimeishiwa maneno ya kuongeza, nikatafsiri kama yalivyo. "Anasema, Bwana, kazi hii naiweza. Majirani zangu wananiamini. Lakini mafunzo yakija kwenye simu nayasikia kama mvua juu ya bati. Walainishe mioyo watu hawa wanifundishe kwa lugha ninayoijua, wasiniondoe."

Kicheko kikakatika. Baadaye kiongozi mmoja akauliza, taratibu, kama mzee yule anaweza kurekodi mafunzo kwa Kihaya.

"Mzee amweleze mama, mama ndiye arekodi," Zuhura akajibu upesi. "Mzee akirekodi mwenyewe tutamaliza Pasaka!"

Ndivyo tulivyofanya. Ma Koku hakuondolewa, na sasa sauti yake, fupi na safi, inasikilizwa na timu za Maruku hadi Kashozi. Mungu ni mwema, hata aibu yangu aliipatia kazi. Ila siku ile tukitoka ukumbini Ma Koku alinishika mkono, akaniita kwa heshima ya Kihaya: "Ta Deo, waitu, mbona umetunyima baraka ya mwisho?"

Tangu hapo nimeapa, mikutano ya biashara natafsiri nikiwa nimekaa, chupa ya maji mkononi, na nikihisi sauti inataka kupanda nakunywa. Juzi huko Maruku nilimaliza chupa nzima kabla ya chai.