Tulipotaka Kwenda Bagamoyo Wote

Mwenye kupanga safari ile ni mimi. Katika familia yetu mimi ndiye msomi: nilimaliza shule ya jioni nikiwa na watoto na upara, na tangu siku ya diploma hakuna jambo nisilolieleza, hata usiponiuliza. Nikaamua: tunaenda vakansi, yaani likizo ya kutembea tu. Bagamoyo, mji wa kale kando ya bahari, ule tuliousoma katika historia.

"Watu wa huku walifika kule kwa miguu, pembe za ndovu mabegani, na wengi hawakurudi," nilimwambia mke wangu. "Sisi tutafika na basi, tukila biskuti. Hayo ndiyo maendeleo."

"Papa ya batoto, batu ya Bukavu banaendaka vakansi?"

Swali zuri. Huku mtu husafiri kwa biashara, matibabu, harusi ama kilio. Kuvunjika mgongo kwenye basi ili kutazama maji, na ziwa liko pale chini ya choo chetu, ni jambo la kutilia mashaka. Lakini nilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ni mama. Amezeeka bila kusafiri kwa raha hata mara moja. Akienda Mudaka kumsalimia dada yake, wanampa jembe kabla ya kiti. Nilitaka aone bahari kabla magoti yake hayajajiuzulu.

Nilipanga kama jenerali. Nilibandika ramani ukutani, nikaichora mishale mingi hata mtoto wetu wa mwisho akauliza tunaenda kushambulia nani. Mke wangu akaanika sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, gunia zima, maana hakuwa na hakika kama watu wa bahari wanajua samaki. Mimi nikanunua kofia pana: mvua ikinyesha, mtaa mzima ungejibanza chini yake.

Kosa langu ni kutangaza kwenye shirika, pale sisi majirani Wakatoliki tunaposali pamoja kila wiki. Nilisimama nikaomba sala kwa ajili ya safari ya familia nzima. Asubuhi yake uwanja wetu ukajaa watu wa kutuaga. Jirani mmoja alilia kweli, kamasi na yote, macho yake yakiwa juu ya sufuria yetu kubwa.

"Munatuacha, ba ndugu! Balibaita ku Kanada?"

"Hapana, maman. Bagamoyo. Tunarudi."

"Bote banasemaka vile. Na ile sufuria, munaachia nani?"

Mama alisikia yote kutoka mlangoni. Akaingia ndani, akaanza kufungua kitenge alichofungia nguo zake.

"Papa," aliniambia, maana huku mama humwita hivyo hata mwanawe, "miye siendi."

"Mama! Ni magoti?"

"Magoti iko muzuri. Sisi bote kufunga mulango, sisi bote kutoka na mizigo ku kichwa, ile haiko vakansi. Ile ni kukimbia. Nilisha kimbia vita mara mingi, weye ku mugongo, na ulikuwa mutoto muzito! Sitakimbia tena ju ya kuona maji."

Msomi nikaitazama ramani yangu ukutani. Nilikuwa nimepanga basi, mipaka na kofia. Mlango sikuupanga.

Nikamwambia nitaweka mlinzi. Akacheka: mlinzi analindaka usingizi wake. Ndipo mke wangu akauliza polepole, "Maman, na kama mumoja ya kwetu anabaki?"

Mama akafikiri. "Kama mutu yetu iko ndani, anapika, moshi inatoka, basi nyumba ingali. Mutu anaweza kwenda na kurudi."

Wote wakanitazama: mke, mama, watoto, hata yule wa sufuria. Niligeuka nyuma kuona wanamtazama nani. Nyuma kulikuwa na ukuta.

"Weye unajua Bagamoyo yote," mke wangu akanifariji. "Sisi njo hatuijue."

Wakaenda, hata kofia wakaibeba. Siku waliyofika ufukweni simu ikalia. Mke wangu alisema mama ameketi kwenye mchanga tangu asubuhi, viatu miguuni, anakataa kusogea. Akampa simu.

"Papa, uliwasha moto?"

"Iko inawaka, mama. Maharagwe iko juu."

"Moshi inatoka?"

"Inaniua, mama."

"Aya. Shika simu, we mutoto," nikamsikia akimwambia mjukuu, "nivue viatu niingie mu maji."