Boti ya Mpira Siku Aliyozaliwa Cherop

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua kubwa, mwanangu, miaka ile ya utawala wa Nyayo, daraja letu la bwawani liliposombwa na maji na shamba likagawanyika sehemu mbili. Lilikuwa shamba la ushirika, nje ya Eldoret ukielekea Burnt Forest. Nyumba zetu zilikuwa ng'ambo ya bwawa. Upande huu kulikuwa na stoo, barabara na zahanati. Mzungu aliyetuuzia shamba aliacha boti ndogo ya mpira, ile ya kujazwa upepo, pamoja na injini yake. Mimi ndiye niliyefundishwa kuiendesha. Nilikuwa kijana, na nilijiona nahodha.

Asubuhi hiyo nilikuwa stoo nikipanga magunia ya mahindi. Mama yangu akatokea ng'ambo, akaita mpaka nikamsikia: mke wangu Jerono alikuwa ameshikwa na uchungu tangu usiku, na mambo hayakuwa mazuri. Nikakimbia zahanati kumwita Sista Akinyi, muuguzi aliyehamia kwetu kutoka Kisumu. Alichukua mkoba wake bila kuuliza mengi.

Niliisukuma boti majini, nikamwambia aingie. Hakuingia. Aliuliza kama siku zote huwa naondoka hivyo. Nikamjibu, kwa ukali ambao kijana hamwonyeshi aliyemzidi umri, kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo la siku hiyo lilikuwa la mke wangu.

Sista akaweka mkoba chini.

"Mimi boti siijui," alisema. "Wewe unaijua. Siku ambayo hakuna mgonjwa, huwa unafanya nini kwanza?"

Nikasema huwa naikagua.

"Basi fanya hayo. Tukizama hapo katikati, Jerono atabaki bila mume na bila muuguzi."

Niliirudisha boti ukingoni. Nikabonyeza mpira kila upande. Wa kushoto ulikuwa umelegea, ukabonyea chini ya kidole kama ndizi iliyoiva. Nikapaka maji ya sabuni penye tundu la kujazia upepo, mapovu yakatoka. Kumbe kipande cha mpira kinachozuia upepo ndani ya kifuniko chake kilikuwa kimekatika. Nikakata kingine kutoka tyubu ya baiskeli, nikajaza upepo upya. Skrubu zinazoshika injini zilikuwa zinacheza, nikazikaza. Nikaangalia petroli. Nikaenda stoo kuchukua majaketi ya kuelea na makasia, maana, mwanangu, mtu akiwa na injini huona kasia ni mzigo. Muda huo wote mama alikuwa akiita. Kila alipoita mikono yangu ilitetemeka, na Sista alinishikia pampu.

Katikati ya bwawa, nyasi zilizoletwa na mafuriko zikajisokota kwenye propela ya injini, ikazima. Upepo ukaanza kutusukuma kule maji yalikokuwa yakimwagika juu ya ukuta wa bwawa. Tukashika makasia, yeye moja na mimi moja, gauni lake jeupe limelowa mpaka kiunoni. Tukapiga makasia hadi tulipogusa matope ya ng'ambo.

Mtoto alikuwa ameshazaliwa, lakini Jerono alikuwa akivuja damu. Sista akaingia, mimi nikabaki nje kwenye mvua. Alipotoka, alisema damu imekoma, wote wawili watapona, na kama kuna chai angekunywa. Mtoto tulimwita Cherop, kwa kuwa alikuja na mvua.

Nilimwomba Sista radhi kwa maneno yangu. Akaniambia, "Hata mimi mikono hutetemeka. Ndiyo maana nakagua vyombo vyangu kabla sijamgusa mgonjwa."

Mwanangu, tahadhari kabla ya hatari si maneno ya siku za starehe tu. Siku ya haraka ndiyo hasa ya kukagua, kwa sababu siku hiyo kuna mtu anakungoja, na hana mwingine. Bonyeza mpira, kaza skrubu, tazama mafuta na hali ya hewa, vaa jaketi, beba kasia hata kama injini ni mpya. Na anayekuzuia ukingoni usimwone adui. Huenda anaogopa kuliko wewe.

Mungu akutulize mikono saa ya hofu, na kila maji utakayovuka yakufikishe kwa watu wako ukiwa mzima.